Kwa Jina la Bulaimu

Kasongo, 4 Mei 2023

Kwako baba mdogo Kamaldine, mkubwa wa ukoo tangu ndugu yako alipotutoka. Kwako shangazi Victoire, uliyetulea sote bila kuuliza nani ni wa tumbo la nani. Kwako kaka Nourdine, mzaliwa wa kwanza. Kwenu wadogo zangu na wake na waume wa nyumba yetu, mliokutana Wamaza kwa posa ya Sarah-Grâce, binti wa kaka: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Naomba barua hii isomwe kwa sauti, kwa kuwa jambo lililomo ni la wote.

Mtaniwia radhi kwa kutofika. Matanga ya baba hayajaondolewa, na mnajua desturi yetu: mjane hasafiri, haendi sokoni, wala hafungui kitambaa cheusi mpaka ukoo ukae na kuyaondoa. Mama Régina yumo humu ndani ya depo la mchele, katika chumba cha nyuma, nami siwezi kumwacha peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya kodi imetuletea taarifa. Kila mwaka, kabla hesabu za biashara hazijafungwa, tunakadiria faida tutakayopata na kulipa sehemu ya kodi mapema, ndiyo akonti. Depo la Kasongo hulipa hapa, tawi la Salamabila hulipa huko, kisha mimi hukusanya yote katika tamko moja. Taarifa inasema kwamba nilichotamka na walichopokea havilingani. Akonti za Salamabila, tangu baba alipotutoka, hawazioni. Wanataka jibu kabla Juni haijaisha. Tusipojibu, mlango utatiwa lakiri, mchele ubaki ndani na mama abaki nje.

Ndugu zangu, mnalikumbuka depo lile lilivyokuwa. Mnakumbuka mashine ya kukoboa ilivyokuwa ikianza kunguruma, na vumbi la pumba likitua juu ya nywele zetu hata tukaonekana wazee kabla ya kwenda shule. Baba alijaza kopo, akalisawazisha kwa mkono wake wa kulia, kisha akaongeza konzi moja juu ya kopo lililokwisha kujaa. Wateja walisema kopo la Bulaimu lina mgongo. Ni nyumba hiyo inayotaka kufungwa.

Simshtaki mtu. Nauliza tu, mbele yenu wote: fedha za Salamabila zililipwa wapi?

Binti yenu,
Latifa Bulaimu

*

Salamabila, 13 Mei 2023

Latifa, mdogo wangu,

Barua yako ilisomwa. Ilisomwa vizuri mno. Baba mdogo alimpa mwalimu Esther-Divine, nawe unaijua sauti yake, darasa la jirani husoma naye. Alipofika pale pa “simshtaki mtu”, watu wote waliacha kutafuna wakanitazama. Wakwe walikuwa bado wamekaa kwenye sahani. Baba wa kijana akaniinamia, akasema kwa upole wote: “Kumbe muzazi mwenzangu iko na maneno na serikali.” Mboga ya sombe ilinigeuka mchanga mdomoni.

Ungeweza kuniandikia mimi kwanza. Najua utasema baba alitukataza kusema mambo ya nyumba kwenye simu, na kweli, hapa Salamabila mtu hupanda mlima kutafuta mtandao, na wachimba dhahabu waliopanda naye husikia hata ugonjwa wa mke wake. Lakini barua ya faragha haijakatazwa na mtu.

Nimelipa. Nimelipa kila akonti, na kabla ya siku yake. Nakutumia nakala za kitansi zote, risiti nilizopewa dirishani, kwa Ushindi, motari wa pikipiki; amezifunga kwenye nailoni kwa ajili ya mvua.

Tena nakuambia nilivyolipa. Niliamka, nikaoga, nikavaa nguo za Ijumaa. Unakumbuka baba hakwenda kulipa kodi akiwa na shati la kazi? Alitoa kanzu sandukuni, akapaka viatu mafuta ya mawese kwa kukosa rangi, akamchukua mtoto mmoja, zamu kwa zamu, kama tunakwenda sikukuu. Ilipofika zamu yangu nilikuwa mdogo hata sikuona juu ya meza ya ofisi. Niliona magoti ya watu tu, nikasikia sauti ya baba ikitaja jina lake polepole, sehemu kwa sehemu, na kalamu ikimfuata. Nilidhani wanamwandika kwa sababu ni mtu mkubwa. Tuliporudi alininunulia andazi, akasema: “Sasa serikali inajua kama tuko.”

Soma kitansi hizo. Kisha uwaandikie Wamaza kwamba kaka yako si mwizi, na mwalimu Esther-Divine asome kwa sauti ile ile.

Nourdine

*

Kasongo, 23 Mei 2023

Kaka Nourdine,

Nimewaandikia Wamaza leo asubuhi, kabla ya kukuandikia wewe. Nimesema umelipa yote, na kwamba aibu iliyokupata mbele ya wakwe ilitoka kwenye kalamu yangu. Nimeomba isomwe kwa sauti ile ile. Nisamehe.

Sasa sikiliza lililofuata. Nilizipeleka kitansi kwa Bibi Falone wa ofisi ya kodi, ndiye anayeshughulika na faili letu. Alizipanga mezani, akavaa miwani, akaivua, akaniangalia.

“Malipo iko, dada. Yote iko. Sema haiko kwenu. Iko kwa Bulaimu.”

Nikamwambia sisi ndio Bulaimu.

“Hapana. Bulaimu mwenyewe, muzee, kwa nambari yake ya zamani. Huyu muzee hana deni, iko na ziada. Mu hii muji hakuna mutu analipa mapema kama yeye. Hata mukubwa wa hii ofisi anamusifu. Aje tu, atie sahihi, tuhamishe.”

Nikasema hawezi kuja.

“Iko safari?”

Kaka, nilifungua mdomo nimjibu. Watu walikuwa nyuma yangu kwenye mstari, mmoja wao alikuwa mteja wetu. Nikasema ndiyo, yuko safari. Bibi Falone akaandika hivyo kwenye karatasi yake, nami nikatoka nje nikasimama juani kwa muda, sijui nasubiri nini.

Nilirudi nyumbani nikakumbuka tulivyokuwa tukimsubiri kweli, alipokwenda Nyangwe na baiskeli, mifuko miwili ya mchele nyuma, akivuka mto kwa pirogi na baiskeli yake imelazwa miguuni pa mpiga kasia. Tulisikia kengele kabla ya kumwona. Mama aliweka maji ya kuoga motoni kwa kengele ile, hakungoja macho.

Kwa nini ulilipa kwa jina lake? Naomba unijibu, maana Bibi Falone ataniuliza. Anataka pia mlipaji aisome taarifa na kutia sahihi kwamba ameiona, kwa hiyo nimeiweka humu. Itie sahihi chini, uirudishe kwa Ushindi.

Latifa

*

Salamabila, 1 Juni 2023

Latifa,

Nakujibu swali lako, halafu nitakuuliza langu.

Nililipa kwa jina lake kwa sababu mtu wa dirishani aliniuliza: “Kwa jina la nani?” Nikajibu nilichomsikia baba akijibu maisha yangu yote. Mwandishi akaandika. Hakushangaa, hakunipa pole, hakuuliza alikuwa na ugonjwa gani. Hapa dunia yote inasema “marehemu baba yako”. Palikuwa pamebaki dirisha moja tu ambapo Bulaimu alikuwa mtu mwenye duka, anayetafutwa, anayepewa kitansi. Nilipotoka pale na karatasi mkononi nilitembea taratibu, nikahisi yuko mbele yangu kidogo, na kanzu yake. Na matanga hayajaondolewa. Kwetu jina halitoki nyumbani kabla ya matanga kutoka. Sikufanya kosa la desturi.

Sasa langu. Taarifa uliyonitumia nimeisoma juu hadi chini. Mahali pa jina la mwenye biashara hapajaandikwa Bulaimu. Pameandikwa Latifa. Tarehe ya nambari hiyo mpya ni ya mwaka ule ule aliotutoka.

Mimi nilibaki namtaja baba dirishani, na wewe ulikwisha kukaa kwenye kiti chake. Kumbe hizi hesabu hazilingani kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akilipia nyumba yake.

Karatasi sikuitia sahihi. Nimeipeleka Wamaza kwa baba mdogo, aseme yeye.

Nourdine

*

Wamaza, 6 Juni 2023

Nourdine na Latifa,

Miye Kamaldine. Naandikisha hii barua kwa mwalimu Esther-Divine, na amekubali kuandika vile nasema bila kunitengenezea.

Munaandikiana kama watu wa tribinali. Ndugu yangu aliwalipia masomo kwa mupunga, kumbe alinunua maavoka wawili wa kushitakiana. Nourdine alifika hapa na moto wa hasira, ananisomea barua zote, anasema nihukumu. Nahukumu.

Wewe Nourdine. Unasema Latifa amekamata nyumba. Amekamata nini pale? Kuko mifuko ya muchele, kuko panya, kuko mama yako. Panya ndio wanakula sana. Ungalikamata wewe ungalikuwa umeuza mashine mwaka wa kwanza, na usinikatalie, nakujua tangu unanyonya.

Wewe Latifa. Unamuambia mwanamuke wa lampo, ile ofisi ya kodi, ati Bulaimu iko safari. Safari ya wapi? Miye ndiye nilishuka mu kaburi kule Kabambare kumupokea. Nilimushika kichwa. Alikuwa amekuwa mwepesi, mutu aliyekuwa anabeba mufuko wa mupunga na kuniimbia njiani ili nisichoke. Nikamulaza kwa mukono wa kuume, nikatoka, nikapangusa magoti. Sikuona safari.

Mukubwa wangu alikufa. Hili neno hakuna mutu wa hii famili amelisema. Munasema alitutoka, alipumuzika, marehemu. Lampo wangeambiwa tangu siku ile ya kwanza, leo tungekuwa tunalima.

Na matanga. Hatujayaondoa kwa sababu ya nani? Kila mara Nourdine anasema njia mubaya. Ilikuwa mubaya kweli mwaka ule wa masasi, wa vita, sibishi. Sema kwa posa ya binti yako njia haikukushinda, ulifika wa kwanza, na mbuzi juu ya pikipiki.

Kiti si cha Latifa, kiti si cha Nourdine. Muketi chini kwanza wote wawili.

Mwalimu anasema karatasi imekwisha.

Baba yenu mdogo,
Kamaldine

*

Kasongo, 10 Juni 2023

Kaka Nourdine,

Baba mdogo ameniletea nakala yake. Sitajitetea kwa maneno marefu, lakini una haki ya kujua jina langu lilifikaje pale.

Mwezi wa tamko ulipofika, mwaka ule, ofisi ilikataa kupokea karatasi isiyo na mtu wa kutia sahihi. Nilitaka liandikwe jina lako, wewe ndiye mkubwa. Walitaka uwepo mwenyewe, na njia ya Salamabila ilikuwa imefungwa, hata chumvi haikupita. Wakasema: basi funga depo. Nyuma yangu, chumbani, mama alikuwa na eda yake na kitambaa chake cheusi. Niliandika Latifa. Niliogopa kukuambia kwa barua, nikasema nitamwambia uso kwa uso siku ya matanga. Kisha matanga hayakuja. Kila ulipoandika kwamba njia mbaya, nilihuzunika, na pia nilipumua. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Sitaki kiti. Kama unalitaka depo, njoo uandikishwe, nitakukabidhi funguo na hata ugomvi na panya. Ninachoomba ni kimoja, na si changu.

Juzi dada wa mama alituma samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe, kama anavyotuma kila kiangazi. Mama aliwafungua, akawanusa, akakaa nao mapajani. Akaniuliza: “Dada yangu angali na meno?” Nikasema sijui. Akasema: “Mukono wake wa chumvi umekuwa muzito. Ni uzee huu. Tungekuwa tunazeeka pamoja.” Safari ya Nyangwe ni ya asubuhi moja, kaka. Mama hajaifanya tangu kaburi lifukiwe, kwa kuwa wewe na mimi tulikuwa tunamngojea baba, kila mtu kwenye dirisha lake.

Unamkumbuka mama wa zamani? Yule aliyeuza maandazi mbele ya depo, akibishana na baba bei ya unga kama hawajuani, hata wageni wakaingilia kuwapatanisha? Wateja walikuja kununua ugomvi ule. Jumapili alitoka kwenda misa na baba akamsindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, akamngoja nje na mwamvuli. Mwanamke yule bado yumo humu ndani. Namsikia akicheka peke yake akidhani nimelala.

Bibi Falone nimemwendea tena. Safari hii nilimwambia baba alikufa. Hakukasirika kwa uongo wa kwanza. Akachana karatasi ile, akasema: “Miye mwenyewe mama yangu iko bado mu telefone yangu, sijamufuta.” Kisha akanieleza njia. Mwenye kitansi aandike barua ya kuomba malipo yahamishwe, aseme wazi kwamba mwenye jina amekufa. Cheti cha kifo kiambatanishwe, na warithi wote watie sahihi mbele ya mkubwa wa eneo. Nambari ya baba itafungwa. Baada ya hapo hakuna dirisha litakalomtaja tena.

Barua hiyo siwezi kuiandika mimi. Mlipaji ni wewe.

Latifa

*

Kabambare, 16 Juni 2023

Kwako mama Régina, nakutaja wa kwanza leo, na baba mdogo amenipa ruhusa. Kwako baba mdogo Kamaldine, mkubwa wa ukoo. Kwako shangazi Victoire. Kwako dada Latifa, mwenye kulinda nyumba. Kwenu wadogo zangu, wakwe zangu na wote watakaokuwapo barua hii itakaposomwa Wamaza, na nakala yake Kasongo: nawasalimu kwa heshima mnayostahili.

Nawaandikia kutoka Kabambare. Nilitoka Salamabila bila kumwambia mtu, nikalala kwa rafiki, na leo baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kaburini. Nilikuwa sijalitazama vizuri. Siku ya mazishi nilifika jioni na kuondoka alfajiri, na njia ilinipa sababu ya kutorudi. Leo nimelikuta limezama upande mmoja, na majani yamepanda hadi kifuani. Niliazima panga kwa jirani. Mzee jirani aliniuliza ni kaburi la nani. Nikamtajia jina, kisha nikaongeza kwamba ni baba yangu na kwamba amekufa. Akasema: “Naona.” Akanisaidia kufyeka.

Nilipokuwa nikifyeka niliwaza ziada ile iliyoko kwenye faili lake. Baba alichukia mteja akiacha fedha kaunta. Alimfuata hadi njiani kumrudishia. Mimi nimemwekea fedha asizoweza kuzifuata, na mjane wake anakaribia kutolewa nje kwa sababu ya fedha hizo hizo. Nilidhani namheshimu. Nilikuwa namfurahisha mtoto wake mmoja tu, mimi, na mtoto huyo ana ndevu nyeupe.

Nimeandika barua kwa ofisi ya kodi. Nawasomea kiini chake, ili pasiwe na neno lililofichwa kwa yeyote: “Mimi, Nourdine Bulaimu, niliyelipa akonti zinazoonekana kwenye kitansi zilizoambatanishwa, nathibitisha kwamba nilizilipa kwa jina la baba yangu, Bulaimu, ilhali alikuwa amekwisha kufa. Alikufa nyumbani kwake Kasongo, akazikwa Kabambare. Malipo yalikuwa ya biashara inayoendeshwa na dada yangu Latifa. Naomba yahamishiwe kwenye nambari yake, na nambari ya baba yangu ifungwe.” Nilirarua karatasi nyingi kabla ya hiyo. Kila mara kalamu iliandika “alipotutoka”, nikaanza upya.

Latifa, umesema hutaki kiti. Nakusikia, lakini sitakuacha ukiache. Ulikaa pale wakati hakuna mwingine aliyeweza kufika, ukamlisha mama yetu, na kopo lako, nimeambiwa na watu wa Wamaza wanaokuletea mpunga, bado lina mgongo. Nilipoona jina lako kwenye karatasi ile nilikasirika kwa sababu lilinionyesha wazi kwamba jina la baba halipo tena. Hilo halikuwa kosa lako.

Baada ya kushauriana na baba mdogo, natangaza uamuzi ufuatao, nao unawahusu wote.

Jumamosi tarehe 24 mwezi huu tutakutana Kabambare na kuondoa matanga ya baba yetu. Mbuzi na mchele vitatoka Salamabila, mafuta ya mawese yatatoka Wamaza. Shangazi Victoire ndiye atakayemfungua mama kitambaa cheusi, mbele ya watu, na kesho yake Ushindi atampeleka mama Nyangwe kwa dada yake, akae huko apendavyo. Kibao cha depo kitashushwa, kingine kitaandikwa jina la Latifa, na biashara itakuwa kwa jina hilo, kwa faida ya wote. Kila mrithi aje na kadi yake ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho. Mkubwa wa eneo amekubali kukaa nasi asubuhi, na sahihi zote zitatiwa mbele yake. Jumatatu karatasi zitaondoka kwenda Kasongo, ziwe mezani kwa Bibi Falone kabla Juni haijaisha.

Mwenye kupinga na asimame Jumamosi hiyo, aseme mbele ya mama, kabla chakula hakijapakuliwa. Atakayekaa kimya atatia sahihi.

Nourdine, mwana wa Bulaimu